Skramu ya Tatu

Siku klabu ya Vipanga ilipovunjwa, Kelepi Manukia alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, na shingo yake, kama alivyopenda kuwaambia vijana, ilikuwa na sabini. Haikugeuka tena kushoto. Akiendesha gari, mkewe Meleane ndiye aliyemtazamia upande huo. Alikuwa nguzo, mmoja wa wale wanene wa safu ya mbele ambao kazi yao kwenye raga ni skramu: kuinama, kuingiza kichwa chini ya kifua cha mpinzani na kusukuma, huku uzito wa wenzao umewalalia mgongoni. Watu hawalipi kiingilio kwenda kumtazama nguzo. Humwona siku anapoanguka.

Waliitwa wote Jumatatu asubuhi kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, pale uwanjani kwao magharibi ya Melbourne. Ilikuwa Juni na vioo vilikuwa vimefunikwa umande ulioganda. Mbele yao alisimama mfilisi aliyetumwa na wakubwa wa Sydney, mwanamume mwembamba mwenye koti la sufi. Hakusalimia. Alisoma karatasi moja tu, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa, kwamba klabu imefungwa kuanzia leo, mikataba yao imekufa pamoja nayo, na madaktari na wakandaji wameshaondoka tangu saa moja.

"Kwa hiyo Jumamosi tunacheza au hatuchezi?" aliuliza Waisea, winga wao Mfiji, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani.

"Hamchezi."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Bwana," alisema mfilisi akiikunja karatasi yake, "hakuna Jumamosi ijayo."

Kisha akawaambia kwamba kila chenye nembo ya klabu kirudishwe kabla hawajatoka: makoti, mabegi, suti za mazoezi.

"Na hii?" Waisea akavuta ukanda wa chupi yake juu ya suruali. "Ina kipanga hapa."

Wanaume arobaini walicheka. Mfilisi hakucheka. Aliitazama ile chupi kwa makini, kama mtu anayepima jambo, akasema, "Chupi mnaweza kubaki nazo."

Walirudi kwenye magari yao na fulana tu, kwenye baridi ile, na mwandishi wa habari aliyejua habari zote tangu Jumapili alikuwa ameshasimama getini na kamera.

Si kwamba hawakuona inakuja. Viti vya uwanja vilikuwa vingi kuliko watu kwa miaka mitano. Televisheni ilikuwa imewahamishia saa ambazo hata mama zao hawawatazami. Na watoto wa upande ule wa mji, wale wa Kitonga na Kisamoa wenye mapaja kama magogo, walikuwa wanachukuliwa na raga ya wachezaji kumi na tatu, mchezo mwingine wenye pesa zaidi, tangu wana miaka kumi na minne. Wasaka vipaji wa mchezo ule walikuwa wakiwasubiri nje ya kanisa, ibada ikiisha, na viatu vipya kwenye maboksi. Raga ya kumi na tano ilibaki na watoto wa shule za ada kubwa na watu kama Kelepi, waliokuwa wameshazeeka ndani yake.

Yeye mwenyewe aliingia akiwa amechelewa. Aliletwa kutoka Ha'apai, visiwani Tonga, akiwa na miaka tisa. Baba yake alikata nyama kiwandani mpaka vidole viwili vikabaki huko. Kelepi alipomaliza shule alifunga majukwaa ya mabomba ya kupandia mafundi kwenye majengo, pamoja na shemeji yake, na Jumamosi alicheza raga ya mtaani kwa ajili ya bia. Vipanga walimwokota akiwa na miaka ishirini na minne kwa sababu nguzo wao wawili waliumia wiki moja. Alidumu miaka tisa. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu, wiki moja kambini, kuwashikia wenzake mito ya kugongea. Jioni ile alimpigia simu kila mtu aliyemjua Tonga, na hakuwaambia habari ya mito.

Nyumbani kwake, Werribee, chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda kirefu kuliko mlango. Kilikuwa cha Fergus Treloar. Fergus aliletwa klabuni akiwa na miaka kumi na tisa kutoka kwenye shamba la kondoo na ngano karibu na Cootamundra, kijana mwenye nywele nyekundu na masikio ambayo hayajavunjika bado. Klabu iliomba mtu amkaribishe kwa wiki mbili. Alikaa mwaka mzima. Alijifunza kula majani ya taro, yaani magimbi, na nyama ya kopo kutoka kwenye chungu cha Meleane, akawa anaosha vyombo bila kuambiwa, akamwita Meleane mama. Hata alipopata nyumba yake, kitanda hakikuondolewa. Na uwanjani Kelepi alimfundisha kila kitu: mguu uweke wapi, pumzi utoe lini, kiwiko kikae juu kiasi gani. Alimfundisha hata mbinu chafu, ili asije akafanyiwa.

"Siku moja utanitoa kazini, dogo," Kelepi alimwambia.

"Nitakutoa kwa heshima, mzee. Nitakuletea kiti."

Jumanne jioni ukaja ujumbe. Klabu nne zilizobaki zitatuma watu wao Alhamisi asubuhi kuwatazama waliotaka kutazamwa. Hakuna ahadi. Kila mtu aje na viatu vyake.

"Mnada," alisema Meleane. Alikuwa amerudi tu kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, hajavua hata sare. "Watawafungua na midomo wawaangalie meno."

"Wafungue tu."

"Kelepi. Kaka yangu anakuita kwenye majukwaa. Ameshakuita mara tatu. Shingo hiyo, ukipewa mwaka mmoja tena, utairudisha nyumbani ikoje?"

"Nikienda kwenye majukwaa leo, nimekuwa mfunga mabomba ambaye zamani alicheza."

"Ndivyo ulivyo."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku akifungua kamba za viatu, na Kelepi akatoka nje akasimama kwenye baridi mpaka masikio yakamuuma.

Jumatano Fergus alikuja. Alikaa jikoni, akazungusha kikombe cha chai mezani, akatazama mlango kuhakikisha Meleane yuko mbali.

"Mzee, nina jambo. Bega la kushoto halijapona."

"Ulisema limepona mwezi wa nne."

"Nilisema. Linatoka. Likitoka nalirudisha mwenyewe chooni. Daktari hajui. Sasa hivi hakuna hata daktari wa kujua." Alicheka kidogo. "Nilikuwa nataka unifunge bandeji kesho. Wewe unajua kufunga kuliko wale wakandaji."

"Nitakufunga."

"Na jingine. Nimesikia watatupanga uso kwa uso, mimi na wewe. Wana nafasi za nguzo chache. Basi nimefikiria: skramu ya kwanza nikuachie, uwaonyeshe. Ya pili uniachie mimi. Ya tatu tusimame tu, hakuna anayekwenda mbele wala nyuma. Watuone wote wawili. Wakitaka watuchukue wote."

Kelepi aliona ni wazo zuri, na alikiri hivyo. Walipeana mikono juu ya meza, mkono wa mzee ukiumeza wa kijana. Meleane alipoingia aliwakuta wanacheka, akauliza wanacheka nini, wakasema hakuna.

Alhamisi ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani. Getini kulikuwa na msichana na rundo la karatasi. Kila mchezaji alitia sahihi kwamba amekuja kwa hiari yake na likimpata la kumpata ni juu yake. Hakuna aliyesoma. Wakabandikwa namba kifuani, Kelepi kumi na saba, Fergus kumi na nane. Kisha wakapimwa uzito mmoja mmoja mbele ya watu, na mtu mwenye mkanda akawapima shingo na mapaja. "Kumi na saba, haigeuki kushoto," alisema yule wa mkanda bila kumtazama Kelepi usoni, na mwingine akaandika.

"Wapime na mkia," alisema Waisea. Safari hii hakucheka mtu.

Kelepi alimfunga Fergus bega ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, kwenye benchi. Alilifunga vizuri, kama alivyoahidi, tabaka tatu, kutoka kifuani mpaka nyuma ya bega. Chini ya vidole vyake alisikia mfupa ukicheza kwenye nafasi yake kama jino la mtoto.

"Nifanyeje nayo?" Fergus alisema.

"Mkono ushike mbele, usiupeleke nyuma wala juu. Ukiupeleka nyuma, bega linatoka."

"Sawa."

Walipotoka, mtu mmoja alimwita Kelepi pembeni. Alikuwa Barney Quilter, mwalimu wa safu ya mbele kutoka klabu moja ya kaskazini. Zamani alikuwa nguzo pia, na waliwahi kugongana vichwa mara nyingi kabla Quilter hajastaafu. Alinuka kahawa na dawa ya kuchua.

"Bado unaishi, we mnene."

"Bado."

"Nakwambia kwa sababu tumetoka mbali. Klabu nyingine tatu hazitaki nguzo, wamekuja kuonekana wamekuja. Mimi nina nafasi moja. Mwaka mmoja. Bosi wangu anamtaka yule mwekundu, ana miaka kumi mbele yake. Mimi ningependa mtu anayejua kazi." Akatema mate kwenye nyasi. "Ila siwezi kurudi na neno langu tu. Nionyeshe kitu."

"Ukiniona nimemzidi?"

"Nikiona hakuna wa kubishania."

Basi wakajipanga. Wanane huku, wanane kule, mabega yakashikana. Fergus siku zote alicheza upande wowote, na siku hiyo walimweka kushoto, ana kwa ana na Kelepi. Mkono wake wa kushoto, ule wa bega bovu, ndio uliopaswa kupita chini ya mkono wa kulia wa Kelepi na kumshika jezi.

Ya kwanza ilikwenda walivyopatana. Fergus alirudi nyuma hatua mbili, akiguna kama anayejitahidi, na Kelepi akapita. Ya pili Kelepi akalegeza nyonga, akamwachia, na kijana akamnyanyua kifua mpaka visigino vyake vikachimba udongo. Walipoachana Fergus alimkonyeza jicho. Kelepi aliona watu wanne kandokando ya mstari wanaandika. Alimwona Quilter haandiki. Alikuwa ameishusha kalamu, na alikuwa anamtazama yule kijana namba kumi na nane kama mtu anayetazama gari la kununua.

Baadaye, miaka yote iliyofuata, Kelepi alijaribu kujiambia kwamba hakuamua. Kwamba mwili wa nguzo unafanya mambo yake wenyewe. Lakini haikuwa kweli. Kulikuwa na nafasi ya kupumua kabla ya skramu ya tatu, sekunde kumi labda, na katika sekunde hizo alifikiri kwa utulivu kabisa. Alifikiri: likitoka bega, hakuna wa kubishania.

Waliinama. Mwamuzi akaita. Wakagongana, na Fergus akatulia, akasimama pale kama walivyopatana, hasukumi. Kelepi aliubana ule mkono wa kushoto kwa kiwiko chake, akaufunga ubavuni, akazama na kuuvuta nyuma na juu, kule kule alikomwonya asiupeleke, na uzito wote wa wanaume saba nyuma yake ukaja juu yake.

Sauti ilisikika. Waisea, aliyekuwa mbali upande wa winga, alisema baadaye alidhani mtu amekanyaga chupa ya plastiki. Fergus hakupiga kelele. Alitoa pumzi yote kwa mkupuo, na skramu ilipoanguka juu yake alikuwa amelala na mkono umegeukia upande usio wake.

"Mzee," alisema. Uso wake ulikuwa kwenye matope, karibu kabisa na wa Kelepi. "Mzee, tulisema tusimame."

Hakukuwa na daktari. Msichana wa getini ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa, na lilichukua dakika arobaini. Walimfunika kwa makoti yao wenyewe. Kelepi alipiga magoti hapo, akamshika kichwa, mpaka Quilter alipokuja akasimama juu yao.

"Kumi na saba. Tunahitaji kukuona unavyoangusha watu. Sasa hivi, kabla wenzangu hawajaondoka kwenda uwanja wa ndege."

Kelepi alimtazama Fergus. Fergus alikuwa amefumba macho.

Akaenda. Aliangusha watu kwa nusu saa, vizuri kuliko alivyowahi kuangusha. Gari la wagonjwa lilipofika hakuliona likiingia, kwa sababu lilikuwa upande wa kushoto.

Mkataba ulikuja Jumanne. Mwaka mmoja, kama alivyoambiwa. Meleane aliusoma akiwa amesimama karibu na sinki.

"Wanasema wamekuchukua wewe na si Fergus."

"Fergus ameumia."

"Najua ameumia, nimetoka kumwona." Akauweka mkataba juu ya friji, mahali walipoweka barua za shule. "Ameumiaje?"

"Skramu ilianguka."

Meleane alikuwa amekaa na wazee wagonjwa kwa miaka kumi na moja. Alijua kumtazama mtu bila kumwuliza mara ya pili. Alisema tu kwamba yeye na binti yao hawatahama, shule iko katikati na zamu zake haziwezi kuachwa, na kwamba atamfungia begi.

Kelepi alikwenda hospitali kabla ya kusafiri, na sufuria la majani ya taro limefungwa kwa taulo. Fergus alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kifuani. Vidole vilivyotokeza vilikuwa vyeupe na havikutikisika. Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba mishipa ya fahamu imevutwa hadi mizizi, kwamba huenda kiganja kikarudi kidogo, na kwamba raga aisahau.

"Fungua mfuniko," alisema Fergus. "Siwezi kwa mkono mmoja."

Kelepi akafungua. Harufu ya nazi ikajaa chumbani.

"Lisha basi."

Alimlisha vijiko vitatu. Fergus alitafuna taratibu, macho dirishani.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Nilidhani labda umeteleza. Siku zote hizi nimekuwa nikikutengenezea njia ya kuteleza. Lakini wewe hutelezi upande ule. Ulinifundisha mwenyewe jinsi nguzo mmoja mzee wa Brisbane alivyokufanyia wewe, kiwiko, halafu nyuma na juu."

"Fergus."

"Ulijua pa kuvuta kwa sababu mimi ndiye niliyekuonyesha. Nilikaa mbele yako kwenye benchi ukanifunga."

Kelepi alitaka kusema jambo kuhusu Quilter, kuhusu nafasi moja, kuhusu miaka thelathini na tatu. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa.

"Mwambie mama chakula kilikuwa kizuri," alisema Fergus. "Sasa toka."

Kaskazini kulikuwa na joto, na Kelepi alikuwa nguzo wa tatu kwenye foleni ya akiba. Vijana walimwita Babu na kumfichia viatu. Alicheza dakika kumi na moja mwaka mzima, zote siku moja ambayo mechi ilikuwa imeshapotea. Siku nyingine zote alishika mito ya kugongea. Jioni walikaa na simu zao wakisoma kama na wao watavunjwa mwakani, kama klabu nne zitakuwa tatu, kama Wajapani watakuja kununua, kama Wanyuzilandi watawatupa na kucheza peke yao. Kila wiki palikuwa na jibu jipya. Quilter mwenyewe aliachishwa kazi mwezi wa tano kwa barua pepe. Mwezi wa sita shingo ya Kelepi ilikufa ganzi mpaka kwenye kidole gumba, akarudishwa nyumbani, na hakuna aliyemsindikiza uwanja wa ndege.

Akaenda kufunga majukwaa na shemeji yake. Si juu. Shingo haikumruhusu kupanda. Alisimama chini akiwapitishia mabomba.

Miezi mitatu baadaye Meleane alimpa simu. "Mama yake Fergus."

Deirdre Treloar alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa kutoka mbali. Alisema hawajawahi kuwashukuru ipasavyo kwa yote waliyomfanyia mtoto wake. Alisema kuna sherehe ndogo ya kumaliza msimu kwenye klabu yao ya mji, klabu ambayo mwaka huu imebidi iungane na mji wa jirani maana haifikishi wachezaji kumi na tano. Ukimtoa Fergus, watoto hawajawahi kumwona mchezaji wa kulipwa. Angekuja kuwaambia neno?

Alikubali kwa sababu alikuwa ameshaamua atakachomwambia. Aliendesha saa tano, peke yake, akigeuza kiwiliwili chote kila alipotaka kutazama kushoto. Njia nzima alijizoeza. Mama, ni mimi. Haikuwa ajali. Ni mimi.

Fergus alikuwa getini, anawaonyesha watu pa kuegesha magari. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umewekwa humo kama kitu alichokibeba. Alikuwa amepungua. Alikuja mpaka kwenye dirisha la gari, upande wa kushoto, hivyo Kelepi ilimbidi ajipinde kumwona.

"Umekuja kumwambia," alisema Fergus.

"Ndiyo."

"Nilijua utakuja na hilo. Unaonekana kama mtu anayekwenda kutapika." Aliinama, akaegemeza mkono mzima kwenye mlango. "Sikiliza. Baba amepata kiharusi mwezi wa nne. Mimi siwezi kunyoa kondoo. Shamba tunalikodisha. Mama analala saa nne kwa siku. Kitu kimoja tu ndicho kinachomfariji katika habari hii yote, kwamba kule mjini mtoto wake alikuwa na watu. Kwamba kulikuwa na Kelepi na Meleane. Anakisema kila siku."

"Ana haki ya kujua."

"Ana haki. Na wewe unataka kumwambia ili upumzike." Sauti haikupanda. "Hutapumzika. Utaingia mle, utakaa mezani pake, utakula keki yake, na kila akikushukuru utasema karibu sana mama. Na akikuita mwakani utakuja tena. Ukimwambia, mimi nitasema umechanganyikiwa, vichwa vyenu manguzo vimegongwa mno. Ataniamini mimi."

Akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayemruhusu dereva, akamwonyesha nafasi chini ya mti wa mkaratusi.

Deirdre alimkumbatia mbele ya watu. Alikuwa mdogo, kichwa chake kilimfika kifuani. Alimkalisha meza ya mbele, akamkatia keki ya chokoleti na nazi, na kila aliyepita alimshika begani akasema: huyu ndiye yule. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na jiko la kuni. Alinyanyua mkono mmoja kumsalimia Kelepi na hakuweza kusema.

Kisha wakamsimamisha mbele ya watoto. Walikuwa kumi na tisa, na sita kati yao walivaa jezi za timu za raga ya kumi na tatu. Aliwaambia wanyooshe mgongo na wale vizuri. Deirdre akasema kutoka nyuma, "Waambie kuhusu kumtunza mwenzako, Kelepi. Waambie ulivyokuwa unamfunga bega."

Watoto walisubiri. Fergus alikuwa ameegemea mlango, mkono mfukoni, anamtazama bila chuki yoyote usoni, na hilo ndilo Kelepi alilolikumbuka zaidi.

"Nilikuwa namfunga tabaka tatu," alisema Kelepi. "Kutoka kifuani mpaka nyuma."

"Na hakuwa hata daktari," alisema Deirdre.

Msichana wa mbele, mwenye matope magotini, aliinua mkono akauliza kama akikua kutakuwa na timu ya kulipwa ya kuchezea. Kelepi alisema hajui. Msichana akauliza nani anajua. Watu wazima wakacheka, Deirdre akapiga makofi, wote wakapiga makofi, na Kelepi akarudi mezani. Alikuta amewekewa kipande kingine cha keki.

"Kula, mwanangu," alisema Deirdre. "Umetoka mbali."

Alikula. Alikimaliza chote, na alipoulizwa kama aongezewe alisema ndiyo, asante mama, kwa sababu Fergus alikuwa bado anatazama.

Alifika Werribee siku ya pili yake, watoto wa jirani wameshatoka kanisani, maana alilala garini njiani, hakuweza kuendesha. Meleane alikuwa anaanika nguo.

"Hawajambo?" aliuliza.

"Wanakusalimu. Wanataka twende sote mwakani."

Meleane alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akachukua beseni. "Basi tutakwenda," alisema, akaingia ndani.